Nini Kipya Katika Toleo Hili

Sheria mpya za vitabu zilibandikwa chuoni Jumatatu asubuhi, na hadi mchana mke wa mwalimu wa uhasibu alikuwa bado hajazisikia. Alikuwa sebuleni kwake, amekaa mbele ya katoni za vitabu, akifanya kazi aliyoifanya kila mwanzo wa muhula: kufungua kitabu ukurasa wa mwisho, kugonga muhuri, kupuliza wino ukauke, kufunga, kuweka pembeni. Ukurasa huo ulikuwa na vitobo vidogo vidogo ubavuni ili uchanike bila kuharibika. Ndio uliokuwa ukurasa wa zoezi. Mwanafunzi aliujaza, akauchana, akampelekea mwalimu. Asiyekuwa na ukurasa wenye muhuri alihesabiwa hakufanya zoezi, na asiyefanya zoezi hakuingia chumba cha mtihani. Kwa hiyo kuazima kitabu cha mwenzio hakukufaa kitu, kutoa kopi hakukufaa kitu, na kurithi cha kaka yako ndiyo kabisa, maana kila baada ya muda mwalimu alitoa toleo jipya, na zoezi la toleo la zamani halikupokelewa.

Wanafunzi walikiita kitabu hicho Kodi. "Umeshalipa kodi?" waliulizana kwenye korido. Mke wa mwalimu alilijua jina hilo na lilimchekesha. Jina walilompa yeye mwenyewe alikuwa halijui.

Zamani alikuwa fundi wa kushona. Cherehani yake bado ilikuwepo chini ya dirisha, imefunikwa kitambaa, na juu ya kitambaa zimepandishwa katoni mbili. Mama mkwe wake, aliyekaa nao, na ambaye mdomo wake haukuwa na pazia, alizoea kusema kuwa nyumba hii ina wageni wasiokula wala kuaga. Lakini hata yeye alijua vigae vya sebule vilitoka wapi. Vilikuwa vyeupe, vya kuteleza, na kabla ya Kodi hapo palikuwa na saruji iliyopasuka. Mshahara wa mwalimu ulikuwa shuka fupi: ukifunika kichwa, miguu iko nje.

Na tuseme kweli, kitabu cha kwanza kabisa mwalimu alikiandika kwa jasho lake, na kilikuwa kizuri. Hilo hata waliomchukia walikubali. Ni haya matoleo yaliyofuata ndiyo yaliyozaa maneno.

Mchana huo alibisha hodi mwanamke wa makamo, na nyuma yake binti yake. Alivua viatu nje kabla hata ya kukaribishwa.

"Ingia tu na viatu, mama," mke wa mwalimu alisema.

"Hapana, mama. Nitawachafulia."

Akaingia kwa ncha za vidole. Visigino vyake vilikuwa vimepasuka, na vumbi la nafaka limeshika kwenye mipasuko. Alijieleza kwa ufupi, kama mtu aliyekuwa akijikariria njiani. Kazi yake ni kushona midomo ya magunia kwenye ghala. Binti huyu yuko mwaka wa kwanza, uhasibu. Kisha akatoa kwenye mfuko kitabu chenye jalada la kijani, kimevishwa nailoni kama kitabu cha sala.

"Hiki tulikinunua hapa hapa, ila wewe huwezi kukumbuka, wanakuja wengi. Kilikuwa cha kaka yake. Karo ilitushinda akaacha kabla ya mtihani, akaenda kutafuta kazi, mpaka leo anatafuta. Lakini ukurasa wa nyuma hakuuchana. Tazama, mama. Muhuri wenu huu hapa."

Muhuri ulikuwa wao kweli. Ulikuwa umeinama kushoto kidogo, kama mihuri yote aliyoigonga kwa mkono wake.

"Hili ni toleo la zamani," alisema.

"Ndivyo alivyoambiwa darasani. Nikamwambia mwanangu, twende nyumbani kwao, nyumbani watu huzungumza. Zoezi amelifanya lote kwenye karatasi nyingine, bado kulinakili tu hapa. Ijumaa wanafunga kupokea. Asipopokelewa, mtihani hafanyi, na mwaka umekwenda."

Mke wa mwalimu alikuwa na jibu mdomoni. Alijua tofauti ya jalada la kijani na jalada jekundu kuliko mtu yeyote duniani, kwa kuwa yeye ndiye aliyekaa kwenye kompyuta akaitengeneza. Sura ya tatu aliipeleka kwenye saba, ya saba akaileta kwenye tatu. Mfanyabiashara wa viatu katika mifano alimgeuza kuwa mfanyabiashara wa sufuria. Zoezi la ukurasa wa mwisho hakuligusa hata herufi. Angeweza kusema, ukurasa huo unafaa, mwanangu, kaujaze. Badala yake alisikia sauti yake ikisema, "Toleo jipya lina mambo mapya, mama. Elimu inabadilika."

"Ni kweli," mshona magunia alisema. "Na kipya ni bei gani?"

Akatajiwa. Alirudia bei hiyo kwa sauti ya chini, kama mtu anayeangalia kama amesikia sawa. Ilikuwa zaidi ya nusu ya anachopata kwa mwezi. Binti alikuwa akitazama vigae.

"Tutajipanga," mama yake alisema, akakirudisha kitabu cha kijani mfukoni, akatoka vile vile kwa vidole.

Mke wa mwalimu alichukua tambara kufuta alama za miguu sakafuni. Hazikuwepo.

*

Mwalimu alirudi jioni amefura. Aliitupa karatasi ya sheria mezani, kati ya sahani.

"Utadhani tunauza bangi," alisema. "Kila somo lieleze ubaoni kitabu gani kimechaguliwa, nani kakichagua, bei yake, na nani anafaidika. Nakala ziwekwe maktaba. Na hii sasa, nisikilizeni hii: 'Kama ni toleo jipya, ielezwe nini kipya katika toleo hili.' Na Jumatano wauzaji waitwe ukumbini, wajieleze mbele ya wanafunzi na wazazi."

"Si jambo baya," mama mkwe alisema.

"Mama, wewe huwajui. Hii imetengenezwa kwa ajili yangu."

"Basi wajibu. Kipya ni nini?"

Mwalimu alimtazama mkewe. Mkewe akatazama sahani yake.

"Wewe ndiye uliyekipanga," mwalimu alimwambia.

"Nilihamisha sura ulizoniambia nihamishe, Mwalimu."

"Basi tuseme maudhui yamepangwa upya."

"Hata mimi jana nimepanga vyombo upya," mama mkwe alisema. "Sufuria ni zile zile."

"Haya ni mambo ya kitaaluma, mama."

"Ndiyo maana nauliza."

Mwalimu alivuta sahani yake, akaendelea kula. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomtesa mkewe. Alikuwa mtu aliyerukwa kwenye vyeo mara nyingi hata akaacha kuhesabu, akawaona wanafunzi wake wa zamani wakija kumtembelea na magari, na siku moja akaamua kwamba kama dunia haimlipi, wanafunzi watamlipa. Mwanzoni alilisema hilo kwa aibu. Baadaye alilisema kwa mzaha, na siku hizi halisemi kabisa.

"Biashara iko kwa jina lako," alisema mwishowe. "Mimi kwenye fomu yao ya kujieleza nitasema siuzi kitabu chochote, na si uongo. Wewe ndiye utakayekwenda ukumbini. Wakiuliza, sema sura ya tano imeandikwa upya kufuatana na taratibu za sasa."

"Imeandikwa?"

"Nitaiandika likizo."

Mkewe aliinuka kukusanya sahani ilhali watu hawajamaliza kula.

*

Jumatano ukumbi ulijaa. Mkutubi wa chuo, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya mtu aliyezoea kunyamazisha watu, ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Wauzaji walipangwa viti vya mbele, wakitazamana na watu. Mke wa mwalimu alikuwa amevaa gauni lake zuri, na alipokuwa akipita kwenda kukaa alimsikia kijana mmoja akimnong'oneza mwenzake, "Mama Muhuri huyo." Wenzake wakacheka chini chini. Alikaa, akavuta gauni lifunike magoti. Kumbe alikuwa na jina, na jina lenyewe ni hilo.

Mwenye duka la vifaa vya kuandikia alijieleza, akazomewa kidogo. Muuza vitabu vya sheria naye akajieleza. Kisha mkutubi akageuka.

"Kitabu cha uhasibu. Mama, toleo hili lina jalada jekundu. Lililopita lilikuwa kijani. Watu wanauliza, ndani kuna nini kipya?"

Mke wa mwalimu aliangalia watu, na mstari wa nyuma akamwona mshona magunia, hajapita hata nyumbani kutoka kazini, vumbi la ghala limekaa kichwani juu ya kitambaa. Alikuwa amenyoosha shingo ili asikie vizuri.

"Sura ya tano," mke wa mwalimu alisema. "Imeandikwa upya. Taratibu zimebadilika, na mwalimu hakutaka wanafunzi wasome mambo yaliyopitwa na wakati."

Ilitoka laini, kama uzi kwenye sindano kubwa. Mkutubi aliandika. Kijana mmoja alinyoosha mkono na kusema bei bado ni kubwa, na mkutubi akamwambia bei itabandikwa ubaoni, iwe moja kwa wote, asiongezewe mtu wala asipunguziwe mtu kwa kujuana. Watu wakapiga makofi. Kitabu kikapita. Kule nyuma mshona magunia alikuwa akitikisa kichwa kukubali, polepole, kama mtu aliyeelewa somo gumu.

Walipotoka, mshona magunia alimngoja mlangoni. Alimshika mke wa mwalimu mkono kwa mikono yake yote miwili. Viganja vilikuwa vigumu, na kwenye kidole gumba palikuwa na alama za sindano za miaka mingi. Mke wa mwalimu alizitambua alama hizo, yeye mwenyewe alikuwa nazo hadi vigae vilipokuja.

"Asante kwa kutueleza," mshona magunia alisema. "Nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini, mama?"

"Siku ile nilipotoka kwenu niliwawazia vibaya. Nilisema moyoni, hawa wanatuuzia jalada. Sikujua kuna kazi imefanyika ndani. Sisi tusiosoma tuna pupa ya kuwadhania watu. Nisamehe."

"Hakuna neno," mke wa mwalimu alisema.

Alitembea mpaka nyumbani akiwa amekumbatia mkoba kifuani kama aliyeibiwa, na walioibiwa walikuwa wengine. Mwalimu alimpokea mlangoni akimwuliza, je, je? Alipoambiwa kimepita, alicheka, akamwita mwanamke wa shoka. Mama mkwe alimtazama mkwewe usoni, kisha akasema chai iko kwenye chupa.

*

Siku ya pili yake mshona magunia alikuja na fedha. Alizitoa kwenye pindo la nguo, noti za kila aina, nyingine zimelainika kama kitambaa.

"Lete nusu tu," mke wa mwalimu alisema haraka. "Wewe ni mteja wa zamani."

"Hapana, mama. Bei ni moja kwa wote, tumekubaliana pale. Ndiyo uzuri wa sheria. Ukinipunguzia mimi, mwenzangu atasema nini?"

"Umezipata wapi lakini?"

"Nimeuza kitanda cha kaka yake." Alisema kwa wepesi, akacheka kidogo. "Kilikuwa kinakaa tu. Akirudi, tutajua atalala wapi."

Mke wa mwalimu alipokea fedha. Aligonga muhuri mbele yao, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hiyo muhuri ukatoka mara mbili. Binti alishukuru. Wakatoka, mlango ukafungwa, na yeye akabaki amekaa hapo hapo na noti mapajani, hajazipeleka kwenye mkebe wa mauzo.

Muda mrefu ukapita, kisha hodi ikapigwa tena. Walikuwa wao. Kumbe hawakuondoka, walikuwa wamekaa kwenye ngazi ya mlango wakati wote huo. Binti alishika kitabu cha kijani, mama alishika chekundu, na vyote viwili vilikuwa wazi.

"Tutakusumbua, mama," mshona magunia alisema. "Nilitaka aanze na hiyo sura mpya, maana hizi nyingine kaka yake alishampigia mistari. Tumekaa hapo nje tunalinganisha. Mimi kusoma kwangu si kwingi, lakini herufi na herufi naweza kuzifananisha. Tumepita sura ya tano yote, kidole kwa kidole. Tunaona ni ile ile. Huyu akaanza kusema maneno, nikamwambia nyamaza, kutoona kwako si kutokuwepo. Twende tukaonyeshwe."

Akaweka vitabu viwili mezani, bega kwa bega, akavigeuzia upande wa mke wa mwalimu kwa adabu. Kisha akakaa kwenye ncha ya kochi. Miguu yake mitupu aliibana pamoja, isichukue nafasi kubwa kwenye vigae.

Uso umeumbwa na haya, wahenga walisema, na wa mke wa mwalimu uliwaka mpaka masikioni. Alitazama kurasa. Hakuwa na haja ya kuzisoma.

"Hakuna," alisema.

"Hakuna nini, mama?"

"Hakuna sura mpya. Nilisema uongo."

Mshona magunia alimtazama, halafu akatabasamu kwa huruma, kama mtu anayemwona mwenzake ana homa. "Umechoka, mama. Kazi hii ya wateja inachosha. Ulisema mbele ya ukumbi mzima, na mkutubi akaandika. Watu kama nyinyi hamwezi kusimama pale mkasema kitu ambacho hakipo."

Binti yake hakutabasamu. Alikuwa akimtazama mke wa mwalimu machoni moja kwa moja. Yeye alikuwa ameelewa, tena pengine tangu kule kwenye ngazi.

"Nakwambia kweli, mama."

"Tutakungoja upumzike."

Hapo ndipo mwalimu alipoingia, ameshika funguo, anaimba kwa pua. Mshona magunia alisimama haraka.

"Mwalimu, shikamoo. Afadhali umekuja. Mama hapa hajisikii vizuri. Tulitaka tu utuonyeshe ile sura mpya, tumeitafuta tumeshindwa."

Mwalimu aliitikia salamu, akamtazama mkewe. Mkewe hakumpa msaada wowote, hata wa macho. Mwalimu akatoa miwani, akaifuta, akavaa. Akavifungua vitabu vyote viwili kwenye sura ya tano. Alisoma, akafunua, akasoma. Mama mkwe, aliyekuwa kwenye kiti chake kando ya dirisha na ambaye hakuna kikao kilichompita bila kuchangia, aliinuka taratibu akaenda jikoni.

"Usiwe na haraka, mwalimu," mshona magunia alisema. "Sisi tuna nafasi."

Mwalimu alifika mwisho wa sura. Akarudi mwanzo wake, akaanza upya. Mkewe alijua kuwa hatafuti chochote. Alikuwa anaomba muda, na hakukuwa na mtu wa kumpa.

"Funga, Mwalimu," alimwambia. "Nimeshamwambia."

"Umemwambia nini?"

"Kwamba hakuna."

Mwalimu hakukana. Laiti angekana, pengine mshona magunia angemwamini yeye na kumwacha mkewe na homa yake. Lakini aliinamisha kichwa, miwani ikateleza hadi ncha ya pua, na hakuirudisha. Mshona magunia alimtazama yeye, akamtazama mkewe, na lile tabasamu likamtoka kidogo kidogo. Kisha akainamisha macho chini, jinsi mtu wa heshima anavyofanya akifungua mlango na kumkuta mwenziwe hajavaa. Kwamba angeona haya kwa niaba yao, hilo mke wa mwalimu hakulitegemea, na ndilo lililomuuma kuliko yote.

Mwalimu alikivuta kitabu cha kijani. Alikunja ukurasa wa mwisho kwenye vitobo vyake, akauchana, akampa binti pamoja na kalamu yake.

"Nakili hapa," alisema. Sauti ilikuwa imekauka. "Nitaipokea. Na mama arudishiwe fedha zake."

Fedha hazikuwa mbali. Mke wa mwalimu alizirudisha kama zilivyokuja, na mshona magunia akazifunga kwenye pindo bila kuzihesabu. Binti alitoa karatasi yake ya zoezi, akanakili akiwa amepiga magoti kando ya meza. Alipomaliza, mwalimu aliipokea karatasi bila kuisoma. Kitabu chekundu kilibaki mezani.

Waliaga. Mlangoni, mshona magunia alikuwa ameshavaa kiatu kimoja alipokumbuka jambo, akageuka.

"Na wenzake, mwalimu? Wale waliokwisha kununua. Niwaambie nao waje?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua foleni bado ipo au imefungwa.

Mwalimu alitazama vigae vyake. Halafu, kwa mazoea ya miaka, akamgeukia mkewe, kwa kuwa mambo ya kuuza yalikuwa kwa jina lake. Mkewe aliusikia uongo mwingine ukija, laini, uko tayari: kwamba hii ilikuwa kwa ajili ya toleo la kijani tu, kwamba wengine wangoje matangazo. Aliuacha upite, hakuutamka. Akasogeza katoni zilizokuwa njiani, akaufungua mlango wote.

"Waambie waje," alisema. "Na wasivue viatu."